Ndege, mitetemo au kuchoronga: uanze na kipi kwenye bonde lisilojulikana?

Leseni ya kutafuta mafuta, gesi au madini imetoka. Ramani imetandazwa mezani: kilomita za mraba elfu kadhaa za mbuga, magadi na vichaka vya miiba, na lami ya karibu iko mwendo wa nusu siku kwa Land Cruiser. Fedha zilizopo zinatosha kazi moja kubwa, si tatu. Mkandarasi wa ndege za kupima ardhi kutoka angani ameleta bei yake. Wa mitetemo, anayetikisa ardhi na kusikiliza mwangwi wa matabaka, ameleta yake, na imewafanya watu wa fedha wanywe maji. Naye mwenye mashine ya kuchoronga, yaani kutoboa shimo jembamba na kutoa mche wa mwamba, anasema wenzake wote ni wapiga ramli, yeye ndiye atakayekuwekea mwamba wenyewe mkononi. Nani apewe kazi?

Nimekaa kwenye meza hiyo pande zote mbili, mara nikiuza huduma, mara nikiinunua. Nilichojifunza ni kwamba watu hulinganisha bei kabla ya kulinganisha maswali. Kila moja ya njia hizi hujibu swali lake, na ukinunua jibu la swali ambalo hukuwa nalo, hata kwa bei ya chini umepigwa.

Kabla ya kuita mkandarasi

Fungua makabati kwanza. Mabonde mengi ya Afrika Mashariki yanayoitwa mapya yameshapitiwa na mtu. Chukua Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania. Miaka ya 1980 kampuni ya Amoco ilipiga mistari ya mitetemo pale ikitafuta mafuta, kisha mwaka 1987 ikachimba visima viwili, Ivuna-1 na Galula-1. Mafuta hayakupatikana, wakafunga mizigo. Takwimu zikabaki. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walipotangaza kwamba gesi inayotoka kwenye chemchemi za bonde hilo ina heliamu nyingi, ile mistari ya Amoco ndiyo iliyokuwa mtaji wa kuanzia. Ilichakatwa upya kwa kompyuta za kisasa, ikaonyesha mambo ambayo mashine za miaka ya 1980 hazikuweza kuyatoa.

Kwa hiyo pita PURA, mamlaka inayosimamia utafutaji wa petroli Tanzania, uulize kuhusu takwimu za petroli, pita GST Dodoma, taasisi ya jiolojia ya taifa, kwa ramani za jiolojia na takwimu za ndege za zamani, na kama uko Kenya au Uganda, gonga milango ya taasisi za huko zenye kazi hiyo. Kisha vaa viatu. Mafuta yanayovuja kandokando ya Ziwa Albert yaliandikwa na mwanajiolojia E. J. Wayland miaka ya 1920 kwa kutembea na kuwasikiliza wenyeji. Chupa za sampuli kutoka kwenye chemchemi ya maji moto hazifilisi mtu.

Vigezo

Njia zote tatu nitazipima kwa mambo yaleyale: inajibu swali gani, inakula fedha na muda kiasi gani, inagusaje ardhi na watu waliomo, inadanganya wapi, na inamfaa nani. Kigezo cha nne ndicho wakandarasi hawakiandiki kwenye zabuni.

Ukumbuke pia unatafuta nini. Mafuta yanahitaji mwamba wa kuyazalisha, mwamba wenye vinyweleo wa kuyahifadhi, kifuniko cha kuyazuia, na umbo la kuyakusanya. Heliamu haihitaji mwamba wa tope wenye mabaki ya viumbe. Inazaliwa kwenye miamba ya kale iliyo chini ya bonde, atomi za urani na thoriamu zinapovunjika polepole, kisha inapanda kwa mipasuko. Makaa ya mawe, urani na magadi mara nyingi viko karibu na uso wa ardhi. Bonde linaweza kuwa lilelile, lakini anayetafuta makaa na anayetafuta mafuta hawaulizi kitu kimoja.

Ndege

*Swali inalojibu.* Je, kuna bonde hapa, lina kina gani, na sehemu yake nene iko wapi? Mashapo, yaani mchanga, tope na kokoto zilizojaza bonde, ni mepesi kuliko mwamba wa msingi, ule wa kale ulio chini yake. Mwamba wa msingi huwa na uzito wa karibu gramu 2.67 kwa sentimita ya ujazo, mashapo machanga huwa kati ya 2.0 na 2.5. Penye mashapo mengi, mvutano wa dunia hupungua kidogo sana, na kifaa cha kupima mabadiliko ya mvutano, ambacho asili yake ni nyambizi za jeshi la wanamaji la Marekani, huunasa upungufu huo kikiwa ndani ya ndege inayoruka chini, mita 80 hadi 100 hivi juu ya ardhi. Safari hiyohiyo hubeba kipimo cha sumaku na, ukitaka, cha mionzi ya gama. Kipimo cha gama ndicho rafiki wa mtafuta urani: ndege zilizozunguka Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 zilisaidia kuwaelekeza watafutaji kwenye miamba ya mchanga ya kale iitwayo Karoo kusini mwa nchi, upande wa Mkuju. Ila gama husoma nusu mita ya juu tu. Kilichofukiwa mita mbili hakionekani.

*Fedha na muda.* Kilomita moja ya mstari huhesabiwa kwa makumi au mamia ya dola, na eneo kubwa humalizika kwa wiki chache. Kinachochelewesha ni hewa. Ardhi ikipata joto, ndege inarukaruka na vipimo vinaharibika, ndiyo maana marubani hutoka alfajiri na saa tano asubuhi wameshakaa chini ya mti wakinywa chai. Utahitaji kiwanja cha ndege na mafuta yaliyofikishwa mapema kwa mapipa.

*Ardhi na watu.* Hakuna mti unaokatwa wala fidia ya mazao. Lakini usidhani kazi ya vijiji imekwisha. Niliwahi kukuta kijiji kizima kimefungia kuku ndani na kufunika visima, kwa sababu mara ya mwisho ndege kupita chini vile ilikuwa ikipuliza dawa ya kuua kwelea kwelea. Hakuna aliyekuwa amewaambia lolote. Tangazo la siku mbili kupitia kwa mtendaji wa kijiji lingetosha.

*Inapodanganya.* Mvutano uleule unaweza kutokana na maumbo mengi. Bonde lenye kina na mashapo mazito kidogo linafanana na bonde lenye kina kifupi na mashapo mepesi sana, na ramani nzuri ya rangi haitakuambia ni lipi. Lava ni balaa zaidi: tabaka la basalti juu ya mashapo ni zito na lina sumaku, nalo huficha kilicho chini. Kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa, penye volkano nyingi, hilo ni jambo la kila siku.

*Inamfaa nani.* Mwenye eneo kubwa na makabati matupu. Leseni nyingi hulazimu kurudisha sehemu ya eneo kila kipindi kinapokwisha, na ndege hukusaidia kujua sehemu ya kurudisha bila kujuta.

Mitetemo

*Swali inalojibu.* Ndani ya bonde, matabaka yamelalaje? Wapi yamevunjika, wapi yamejikunja na kutengeneza mtego? Unaitikisa ardhi, mwangwi unarudi kutoka kwenye matabaka, na jiofoni, vipokezi vya mtetemo vilivyopangwa kwenye mstari, zinaupokea. Ya 2D hukupa picha kama ya mkate uliokatwa kipande kimoja. Ya 3D hukupa mkate wote, kwa bei ya mkate wote.

Chanzo cha mtetemo kina aina mbili kuu, na uchaguzi kati yake ni ulinganisho mwingine kabisa. Malori ya kutetemesha, yenye uzito wa tani 20 na zaidi, hufaa tambarare ngumu: yanakwenda haraka, hayachimbi mashimo, na nguvu yake inapimika. Baruti huingia pale lori lisipofika, kwenye makorongo, miinuko na matope, lakini kila pigo linahitaji shimo, kibali, ghala lenye ulinzi na mtu mwenye leseni ya kulipua. Kampuni ndogo siku hizi hutumia pia mashine ya kudondosha uzito. Hiyo ni nafuu, ila mwangwi wake hauendi chini sana.

*Fedha na muda.* Hapa ndipo watu hushtuka. Kilomita moja ya mstari nchi kavu, mahali pasipo na barabara, huhesabiwa kwa maelfu ya dola. Kuna kambi ya watu zaidi ya mia, maji ya kusombwa, mafundi wa matairi, daktari, wafyekaji, wapimaji. Gharama ya kuwafikisha tu ni kubwa hata kama utapiga mstari mmoja, na kwa hiyo kilomita 30 si nafuu kama unavyotarajia ukilinganisha na 200. Halafu takwimu hukaa miezi kwenye uchakataji kabla hujaona picha ya kuaminika.

Na kuna mvua. Bonde la Wembere na mengine kama hilo yana udongo mweusi, ule unaonata. Wakati wa kiangazi ni barabara, masika ni gundi. Kwenye kazi moja niliyoshiriki, msimamizi alikataa kusikia habari ya mawingu kwa sababu mkataba ulikuwa unahesabu siku. Malori mawili yalizama hadi kwenye ekseli, tukakaa wiki tatu tukiyatazama, na kila siku ya kuyatazama ililipiwa. Ng'ombe wa Wasukuma walipita pembeni bila shida yoyote.

*Ardhi na watu.* Hii ndiyo njia inayokutana na watu wengi kuliko zote. Mkuza, njia ya kupitishia vifaa, unafyekwa kwa mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka haujui shamba la nani, kaburi la nani, wala mzinga wa nani. Pembezoni mwa Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, ambao mti wa asali au wa matunda kwao ni ghala la chakula hata kama hauko kwenye jedwali la fidia. Jiofoni zisizo na waya zimepunguza ufyekaji sana, kwa kuwa mtu anaweza kuzibeba begani na kukwepa mti. Ajira za muda ni nyingi pia, na hapo ndipo amani hupatikana au hupotea. Oktoba 2013 shughuli za kampuni ya mafuta ya Tullow kule Turkana, Kenya, zilisimamishwa baada ya maandamano ya wenyeji waliodai ajira na zabuni. Orodha ya vibarua ipitie mkutano wa kijiji, isipitie kwa mtu mmoja mwenye simu.

*Inapodanganya.* Watu huiona picha ya mitetemo kama picha ya hospitali, wakaamini kila mstari ni tabaka. Si hivyo. Sauti ikipita mashaponi kwa mita 3,000 kwa sekunde na mtetemo ukiwa mara 30 kwa sekunde, urefu wa wimbi ni mita 100. Kwa kanuni ya robo ya wimbi, tabaka lenye unene chini ya mita 25 halitenganishwi vizuri na jirani yake. Mstari wa 2D pia hunasa mwangwi kutoka pembeni na kuuchora kana kwamba umetoka chini kabisa, ukapata mtego mzuri usiokuwepo. Lava nayo hutawanya mawimbi. Na kubwa kuliko yote: mitetemo huonyesha umbo la mtego, haisemi umejaa nini. Kaskazini mwa Turkana kisima cha Engomo-1 kilichimbwa kwenye umbo zuri, kikawa kikavu.

*Inamfaa nani.* Anayejua tayari bonde lina kina na anatafuta mahali pa kuchimba kisima kirefu. Mtafuta mafuta hawezi kuikwepa, ila anaweza kuichelewesha. Mtafuta makaa ya mawe yaliyoko mita 100 chini kwa kawaida haihitaji.

Kuchoronga

*Swali inalojibu.* Mwamba wenyewe ni wa namna gani? Hapa nazungumzia mashine za machimboni, zile zinazotoa mche wa mwamba, si mtambo mkubwa wa mafuta. Mche wa kipimo cha HQ una kipenyo cha milimita 63.5, unapangwa kwenye trei mita kwa mita, unaubusu ukitaka. Unapata umri wa matabaka, vinyweleo, tope lenye mabaki ya viumbe, unene wa makaa, kiwango cha urani. Hakuna ndege wala jiofoni itakayokupa hayo.

*Fedha na muda.* Kwa mita moja mahali pa mbali ni mamia ya dola ukijumlisha maji, dizeli na usafiri. Shimo la mita 300 au 500 ni kazi ya wiki kadhaa mambo yakienda sawa. Tofauti na mitetemo, unaweza kusimama baada ya shimo la kwanza ukafikiri, bila kulipia kambi ya watu mia.

*Ardhi na watu.* Eneo dogo, kelele usiku na mchana, na maji mengi. Kwenye nchi kavu maji ndiyo ugomvi. Ukichota kwenye bwawa la mifugo wakati wa kiangazi, hata ukiwa na vibali vyote, umeshapoteza kijiji. Kwa upande mwingine, shimo likikuta maji matamu na likikabidhiwa kwa utaratibu, utakumbukwa kwa wema.

*Inapodanganya.* Kwanza, ni tundu la upana wa kikombe cha kahawa kwenye bonde la urefu wa kilomita mia. Mwaka 1992 Shell ilichimba Loperot-1 kwenye bonde la Lokichar, Turkana. Hicho kilikuwa kisima kirefu cha mtambo mkubwa, si cha kuchoronga, na bado kiliona dalili tu za mafuta ya nta, kampuni ikaondoka. Miaka 20 baadaye, Machi 2012, ugunduzi ulitangazwa kwenye kisima cha Ngamia-1 katika bonde hilohilo, upande wa magharibi kwenye mpasuko mkuu, wakati Loperot iko upande wa mashariki. Tundu moja halina haki ya kuhukumu bonde.

Pili, shimo fupi haliendi panapopikwa mafuta, ambapo mara nyingi ni kilomita mbili, tatu chini. Ujanja ni kuchoronga ukingoni, yale matabaka ya chini yanapoinuka karibu na uso. Lakini ukingoni mashapo huwa ya changarawe na kokoto zaidi, kwa hiyo usishangae ukikosa tope zuri lililoko katikati.

Tatu ni hatari. Mashine nyingi za machimboni hazina kizuia mlipuko, kifaa cha kulifunga shimo gesi ikifoka. Kwenye miamba ya dhahabu ya Geita hilo halimsumbui mtu. Kwenye bonde lenye dalili za gesi ni kucheza na maisha, na bei ya chini uliyopewa pengine imetoka hapo.

*Inamfaa nani.* Mtafuta makaa, urani au magadi kwa kiwango kikubwa, na mtafuta petroli ambaye haamini bado kwamba bonde lake lina mashapo ya maana.

Mpangilio si mmoja

Vitabu hupanga ndege, mitetemo, kisima. TPDC, shirika la petroli la Tanzania, katika bonde la Eyasi Wembere ilianza na ndege, ikachoronga visima vifupi, ndipo ikaingia kwenye mitetemo, na mimi naona kuna hekima katika kuweka mche wa mwamba kabla ya kambi ya watu mia. Rukwa njia ya heliamu ilikuwa chemchemi, takwimu kuukuu, vipimo vipya, kisha visima. Tai-1 mwaka 2021 iliona dalili, na Itumbula West-1 ndiyo iliyoleta heliamu hadi juu mwaka 2024. Uganda ilichimba Waki-1 pale Butiaba mwaka 1938, ikasubiri hadi 2006 kupata mafuta ya Mputa.

Wewe uko wapi?

Eneo ni kubwa, hakuna takwimu zozote za zamani, na bado una miaka kwenye leseni: ndege. Rusha mistari mipana kwanza, uibane baadaye penye kina.

Eneo limefunikwa na lava: usitegemee ndege wala mitetemo peke yake. Uliza habari za magnetoteluriki, njia ya umeme wa ardhini inayotumiwa na watafuta jotoardhi kule Kenya, kisha choronga shimo moja kupita lava ujue unene wake.

Una mistari ya zamani ya mitetemo: lipia uchakataji upya kabla ya kilomita hata moja mpya. Ukiona umbo la kuvutia, piga mistari michache ya kulikata, si ya bonde zima.

Unatafuta makaa au urani na miamba inaonekana juu ya ardhi, kama ilivyo bonde la Ruhuhu kusini mwa Tanzania: nyundo, kipimo cha gama cha mkononi, kisha kuchoronga kwa mpangilio wa gridi.

Unatafuta heliamu: sampuli za chemchemi, takwimu za zamani, 2D fupi kukatiza mipasuko mikuu. Ukifika hatua ya kutoboa, kizuia mlipuko kiwe kwenye mkataba.

Leseni imebakiza miezi tisa na masika yako katikati: mitetemo iache. Hutaimaliza. Ndege alfajiri za kiangazi au mashimo mawili ya ukingoni vitakupa kitu cha kupeleka PURA au Tume ya Madini ukiomba kuongezewa muda.

Wewe si mwenye leseni, ni afisa wa halmashauri au mwenyekiti wa kijiji na barua imefika: kwa ndege, uliza tarehe na nani atawatangazia watu. Kwa mitetemo, uliza ramani ya mkuza, jedwali la fidia na utaratibu wa vibarua, kabla jembe la kwanza halijagusa kichaka. Kwa kuchoronga, uliza maji yatatoka wapi na shimo litazibwaje.

Fedha zinatosha nusu ya mitetemo uliyopangiwa: rudi kwa mkandarasi uulize bei ya kuwafikisha peke yake. Ikizidi theluthi ya bajeti, tafuta jirani mwenye leseni inayopakana na yako mgawane kambi moja, au zigeuze fedha hizo ziwe mashimo mawili na uchakataji wa takwimu za zamani.